Mizani Haitoshi: Kuchagua Skii za Mlimani



Nimeombwa niseme machache juu ya mchezo niliojifunza nilipokuwa masomoni Innsbruck, Austria: kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani mbao mbili ndefu, nyembamba, zifungwazo kwenye viatu. Nitasema jambo moja tu: namna ya kulinganisha skii nyepesi za kutumia mlima mzima.

Dukani watu huanza na mizani. Skii hii ina gramu 1,400, ile 2,000. Vijana wa hesabu, pigeni: katika hatua 1,000 za kupanda, kila mguu umesukuma kilo 300 zaidi. Apandaye kwa miguu yake ana haki ya kupenda wepesi.

Lakini aliyepanda hana budi kuteremka. Skii nyepesi, yenye kiini cha mti wa paulonia na nyuzi za kaboni, hugeuka upesi kwenye theluji laini. Ikikuta theluji iliyovurugwa ikaganda mabongemabonge, hurushwa huku na huku, na mtikisiko hufika gotini. Ile nzito, yenye tabaka za aloi ya alumini, hupita kwa utulivu, ila hudai nguvu kuigeuza. Ni kama mtumbwi na jahazi: mtumbwi hutii kasia mara moja, lakini wimbi nalo huuamrisha.

Tazameni pia upana chini ya kiatu. Milimita 100 huelea vizuri kwenye theluji nene. Milimita 80 hulala ubavu haraka, ukingo wa chuma ukauma barafu. Na skii isiyojisokota kirahisi hushika barafu vizuri zaidi, hata ikiwa nyepesi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, kodini jozi mbili, mzijaribu mteremko mmoja, siku moja: asubuhi theluji ikiwa ngumu, na alasiri miguu ikiwa imechoka. Hapo ndipo goti huponea au huumia.

Maofisini nako tunaletewa vifaa vinavyosifiwa kwa tarakimu moja. Vijana, tarakimu isomeni, kisha mkaulize kazi yenyewe.