Kiziwi Akija Mkutanoni

(Maneno yaliyosemwa na mkalimani wa lugha ya ishara mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 Nimeombwa niseme juu ya viziwi katika mikutano na sherehe zetu. Asanteni kwa nafasi hii.

Tukipanga harambee au siku ya michezo, tunauliza nini kwanza? Hema, viti, na kipaza sauti. Kipaza sauti kikizima, kila kitu kinasimama mpaka fundi apatikane. Sasa, kwa kiziwi hicho kipaza sauti hakijawahi kuwaka hata siku moja. Yeye ametoa mchango wake kama wewe. Amekaa kwenye kiti. Anaona watu wakicheka, naye anacheka. Wakiinua mikono, naye anainua. Kisha katibu anaandika, "Tumekubaliana sote."

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilichopitisha kwamba wanachama wadhaminiane mkopo. Mama mmoja kiziwi aliinua mkono pamoja na wengine. Alidhani wanachagua mahali pa mkutano ujao. Mwenzake aliposhindwa kulipa, watu walikuja kuchukua mbuzi wake wawili. Ndipo mimi nikaitwa nimweleze. Lakini mkalimani anatakiwa awepo kabla mkono haujainuliwa, si baada ya mbuzi kwenda.

Mtu ataniuliza, "Kwa nini asisome midomo?" Haya, jaribuni hapa hapa. Mwangalie jirani yako, aseme bila sauti "baba", halafu aseme "mama". Umeona tofauti? Hakuna. Midomo inafungwa na kufunguka namna moja. Mwingine atasema tumwandikie. Wako wanaoweza kusoma vizuri, waandikieni. Lakini viziwi wengi vijijini hawakupata shule, na hata aliyesoma, Kiswahili kwake ni kama lugha ya kigeni, maana hajawahi kukisikia kikisemwa nyumbani. Na tafadhali, tuache kuwaita "bubu". Wengi wana sauti. Kinachokosekana ni kusikia.

Lugha ya ishara ni lugha kamili. Ina mpangilio wake wa maneno, na uso unasema pamoja na mikono. Tena si moja duniani kote. Uganda wana yao, Marekani wana yao, na sisi tuna Lugha Ishara ya Kenya. Katiba yetu ya 2010 inaitaja kwa jina. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Kama Bunge linaweza, na baraza la chifu je?

Lakini msichukue mtu yeyote anayejua kupunga mikono. Mnakumbuka ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela, tarehe 10 Desemba 2013, katika uwanja wa mpira pale Johannesburg? Wakuu wa nchi walihutubia, na kando yao alisimama mtu akitikisa mikono. Sisi tunaosikia tukasema, tazama, Afrika Kusini wamewakumbuka viziwi. Viziwi wenyewe walioangalia televisheni wakalalamika siku ile ile: mikono ile haisemi kitu! Uso wake ulikuwa kama ukuta.  Basi ukitafuta mkalimani, muulize kiziwi kwanza. Yeye ndiye anayejua nani anaeleweka. Kama kuna shule ya viziwi karibu nanyi, anzieni huko.

Mkimpata, mpeni habari mapema: ajenda, majina ya wageni, maneno ya nyimbo zitakazoimbwa. Wimbo hauwezi kutafsiriwa vizuri ukirushiwa ghafla. Mwekeni karibu na msemaji, mwanga ukimwangukia usoni. Akisimama jua likiwa mgongoni mwake, viziwi wanaona kivuli tu. Wao wakae mbele, mahali ambapo mpiga picha hatakuja kusimama. (Wapiga picha ni shida kubwa, sijui niseme nini.) Kazi hii inachosha akili haraka, kwa mkutano wa siku nzima wawe wakalimani wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 au 30.

Kisha kuna jambo ambalo karibu kila mtoa mafunzo analisahau. Kiziwi anasikiliza kwa macho, na macho hayawezi kutazama pande mbili kwa wakati mmoja. Mwalimu wa kilimo anashika mche, anaukata, na huku anaeleza. Sisi tunamwona na kumsikia pamoja. Kiziwi akitazama mche, maelezo yanampita. Akimtazama mkalimani, haoni ulipokatwa. Eleza kwanza, nyamaza, kisha onyesha. Ni kusubiri kidogo tu. Hata wenye masikio watashika vizuri zaidi. Na ukizungumza na kiziwi, mtazame yeye. Usimwambie mkalimani, "Mwambie hivi."

Siku ya michezo nayo vijana viziwi wanakuja kushangilia timu yao kama wengine. Mechi ikiahirishwa na ikatangazwa kwa kipaza sauti tu, wao watabaki uwanjani peke yao. Andikeni kwenye ubao mkubwa: saa, timu, magoli. Kama kuna mchezaji kiziwi, refa achukue bendera pamoja na filimbi, aipunge anaposimamisha mchezo. Bendera ni kitambaa na fimbo.

Shida ninayoiona kubwa zaidi ni ya wale ambao hawakwenda shule kabisa. Wana ishara za nyumbani tu, wanazoelewana na mama au ndugu. Mkalimani akija kutoka mjini, hawamwelewi. Hapo tunahitaji kiziwi mwenzao aliyesoma, akae kati, apokee kwa mkalimani na kuwafafanulia polepole. Mtoto anayesikia asifanywe mkalimani wa mzazi wake katika mambo ya shamba au ugonjwa. Mzigo huo ni mzito kwake, na mzazi naye hawezi kusema siri zake.

Na pesa? Ndiyo, mkalimani analipwa. Vikundi vitatu au vinne vya jirani vinaweza kupanga mikutano yao mikubwa wiki moja na kuchangia. Mwandikeni kwenye bajeti pale pale penye hema na kipaza sauti, asiachwe mpaka mwisho ambapo pesa zimekwisha. Tena chagueni vijana wawili wajifunze lugha hii kwa viziwi wenyewe, kidogo kidogo. Hawatakuwa wakalimani mwaka huu, lakini angalau mtu akifika mlangoni atasalimiwa.

Nitapokea maswali baada ya chai. Kabla hatujatoka, nyoosheni mikono yote miwili juu, mfungue vidole na kuvitikisa. Hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Wale ndugu wawili waliokaa mbele wamewatazama ninyi asubuhi yote; geukeni, muwapigie.