Simu ya Rubani na Macho ya Wananchi: Namna Ndege Iliyopotea Inavyotafutwa

Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata, chini ya mada ya huduma za dharura na uokoaji



Habari za ndege kupotea huonekana kuwa za mbali, za watu wa mijini na viwanja vikubwa. Lakini ndege ndogo hupita juu ya vijiji mara kwa mara. Zipo zinazobeba madaktari na wagonjwa, zipo zinazopeleka watalii mbugani, zipo za doria ya wanyamapori, na zipo zinazonyunyizia dawa ya kuangamiza kweleakwelea wakati wa mavuno. Rubani wa ndege hizo mara nyingi huruka peke yake au na abiria wachache, na hutua kwenye kiwanja cha nyasi kisicho na mnara wa kuongozea ndege. Ndege ya namna hiyo ikipatwa na hitilafu, haitaanguka mjini. Itaanguka katika shamba, pori au msitu wa kijiji fulani.

Mtu akiulizwa rubani huyo atapatikanaje, hujibu upesi: “Si ana simu?” Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Mazungumzo ya leo yanahusu sehemu iliyobaki, kwa sababu katika sehemu hiyo mwananchi ana kazi ya kufanya.

Mfano wa karibu ni wa nchi jirani ya Malawi. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 2024, ndege ya jeshi aina ya Dornier 228 iliruka kutoka Lilongwe kwenda Mzuzu, ikiwa na Makamu wa Rais Saulos Chilima na watu wengine wanane. Iliruka saa 3:17 na ilitarajiwa kutua baada ya saa moja kasoro. Ilipokaribia Mzuzu, hali ya hewa haikuruhusu kutua, ikaambiwa irudi Lilongwe. Muda mfupi baadaye haikusikika tena. Usiku wa siku hiyo Rais Lazarus Chakwera alilieleza taifa kwamba kumbukumbu za minara ya simu zimeonyesha mahali ndege ilipokuwa mara ya mwisho, ndani ya mzingo wa kilomita 10, katika mashamba ya miti ya Chikangawa. Mabaki yalipatikana kesho yake, na hakuna aliyekuwa hai.

Wachunguzi kutoka Ujerumani walitoa ripoti ya awali mwezi Agosti mwaka huo. Ndege ilikuwa na mtambo wa kutoa ishara ya dharura, lakini muda wa betri ya mtambo huo ulikuwa umekwisha tangu mwaka 2004. Haisemwi hapa kwamba ishara ingeokoa roho za wale tisa. Linalosemwa ni kwamba chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya saa ile kilikuwa kimya, na watafutaji wakabaki na kile ambacho minara ya simu ingeweza kuwaambia.

Je, minara inaweza kusema nini? Simu iliyowashwa hujitambulisha kwa mnara hata kama hakuna anayezungumza, na kampuni ya simu hubaki na kumbukumbu hiyo. Mnara wa kawaida huwa na pande tatu, kila upande ukitazama theluthi moja ya duara, kwa hiyo kumbukumbu huonyesha simu ilikuwa upande gani. Katika mitambo ya kizazi cha pili, ambayo bado inahudumia vijiji vingi, mnara unaweza pia kukadiria umbali wa simu kwa hatua za mita 550 hivi, hadi mwisho wake wa kilomita 35.

Tuseme simu iko kilomita 20 kutoka mnarani. Mnara hautaonyesha nukta moja kwenye ramani. Utaonyesha utepe uliopinda kama upinde, wenye upana wa mita 550 na urefu wa kilomita 42 hivi. Mjini, minara mitatu au minne ikiisikia simu hiyo hiyo, tepe hukatana na eneo hupungua. Kijijini, ambako mnara ni mmoja, utepe hubaki ulivyo. Na mzingo wa kilomita 10, kama ule wa Chikangawa, ni eneo la kilomita za mraba 314. Kulipita eneo hilo kwa miguu, usiku, msituni na katika ukungu, ni kazi ya watu wengi na ya muda mrefu.

Kuna jambo zito zaidi. Mnara husema mahali simu ilipokuwa mara ya mwisho iliposikika, na hapo huenda sipo ilipo sasa. Ndege ya Malaysia iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ni ushahidi. Saa 7 na dakika 52 usiku, mnara mmoja katika kisiwa cha Penang uliitambua simu ya rubani msaidizi. Kumbukumbu hiyo ilithibitisha kwamba ndege ilikuwa imepita karibu na hapo. Haikupigwa simu yoyote, na ndege iliendelea kuruka kwa saa nyingi baadaye. Simu iliyo angani huweza kuushika mnara wa mbali kwa sababu hakuna kilima kinachoizuia. Simu hiyo hiyo ikishaanguka bondeni, huenda isiushike hata mnara ulio karibu.

Kwa sababu hiyo mataifa yaliweka mtambo maalumu ndani ya ndege. Mtambo huo hujiwasha wenyewe ndege inapogonga kwa kishindo, na unaweza pia kuwashwa kwa mkono. Hutuma ishara katika masafa ya megahezi 406, na setilaiti huipokea bila kuhitaji mnara wowote wa simu. Mpango wa setilaiti hizo, uitwao Cospas-Sarsat, ulianzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovyeti. Mwezi Septemba 1982 uliokoa watu wake wa kwanza, watatu walioanguka na ndege ndogo huko British Columbia, Kanada. Mtambo wa megahezi 406 huonyesha eneo ndani ya kilomita chache, na ule ulio na GPS ndani yake huonyesha ndani ya mita mia moja hivi. Mitambo ya zamani ya megahezi 121.5 haisikilizwi tena na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009. Mwenye ndege anayeutegemea mtambo huo peke yake anategemea kwamba ndege nyingine itapita karibu na kuisikia.

Hata hivyo, mtambo nao una udhaifu. Antena huweza kukatika katika ajali, moto huweza kuuteketeza, maji huweza kuufunika, na betri huisha muda wake. Hapo ndipo simu inapopata nafasi yake ya haki: ni msaidizi wa mtambo, wala haiwezi kuchukua mahali pake.

Rubani anayetaka simu imfae huanza kabla ya kuruka. Humwachia mtu aliye chini njia atakayopita, saa ya kutua, idadi ya abiria, namba zao za simu na mitandao wanayotumia. Pasipo mtu anayejua saa ya kutua, hakuna atakayeshtuka ndege isipofika. Kwa taratibu za kimataifa, nusu saa ya ukimya baada ya saa iliyotarajiwa yatosha kuanza kuulizia. Rubani pia huhakikisha simu ina chaji kamili, na huivaa mwilini, katika mfuko unaofungwa. Simu iliyowekwa juu ya dashibodi haitakuwa hapo baada ya kishindo.

Akinusurika, kwanza huwasha mtambo wa dharura kwa mkono iwapo haujajiwasha. Kisha hupiga 112. Simu ya dharura huweza kupitia mtandao wowote unaopatikana mahali hapo, hata kama mtandao wa laini yake haupo, wala haihitaji salio. Sauti isipopita, hutuma ujumbe mfupi, kwa kuwa ujumbe huweza kupenya mahali ambapo mazungumzo hukatika. Simu yenye GPS huweza kusoma latitudo na longitudo kutoka kwenye setilaiti hata pasipo mtandao, na tarakimu hizo ndizo zinazopaswa kuwa mwanzo wa ujumbe.

Mtandao ukiwapo, simu hubaki imewashwa ili mnara uendelee kuisikia. Mtandao usipokuwapo, simu humaliza chaji kwa kuutafuta. Ni afadhali kuizima na kuiwasha kwa dakika chache kila inapofika saa kamili. Wakiwa wengi, huwasha simu moja kwa zamu. Tena, rubani haiachi ndege kwenda kutafuta mtandao mbali. Ndege huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu mmoja chini ya miti.

Zipo simu mpya zinazoweza kutuma ujumbe wa dharura moja kwa moja kwa setilaiti. Huduma hiyo ilianza kwa iPhone 14 mwezi Novemba 2022, katika Marekani na Kanada. Lakini rubani wa leo anapaswa kujipanga kwa simu aliyonayo mfukoni na minara iliyopo njiani.

Ndugu wananchi, sasa imefika zamu ya aliye chini. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Kumi na tisa walifariki, wakiwamo marubani wote wawili, na ishirini na wanne waliokoka. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Mahali pale palionekana kwa macho, wala hapakuhitajika setilaiti wala mnara. Ndani ya msitu, jicho la mkata kuni au sikio la mchungaji laweza kufanya kazi hiyo hiyo: kuupunguza ule utepe wa kilomita 42 ukawa kilima kimoja.

Anayesikia ndege ikinguruma chini kuliko kawaida, kisha mlio ukakatika ghafla, au anayeona moshi usio wa shamba, na azingatie mambo manne: saa ilikuwa ngapi, alikuwa amesimama wapi, ndege ilikuwa ikielekea wapi, na alisikia nini baada ya mlio kukatika. Apige 112 kwa polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha amjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Asijizuie kwa kuogopa kuonekana mzushi. Taarifa isiyo sahihi hupoteza muda mfupi, ilhali taarifa iliyofichwa huweza kupoteza usiku mzima.

Ndugu wa aliyepotea naye asikimbilie dukani kwa kampuni ya simu. Kumbukumbu za minara hazitolewi kwa mtu binafsi. Huombwa na vyombo vya usalama. Njia fupi ni kwenda polisi mapema, akiwa na namba ya simu ya mhusika na jina la mtandao.

Anayefika kwenye ajali awasaidie majeruhi kwanza. Akikuta kifaa chenye rangi kali ya chungwa au manjano kikiwa na antena, asikizime, asikihamishe, wala asikichukue kwenda nacho nyumbani. Huenda ndicho kinachowaongoza waokoaji, na kikihamishwa, waokoaji nao watakifuata huko kilikopelekwa huku majeruhi wakisubiri kwingine.

Viongozi wa vitongoji wanaombwa kuhakikisha kwamba namba 112 na 114 zimebandikwa katika ofisi, shule, zahanati na mahali pa kuchajia simu, na kwamba wachungaji na wachoma mkaa wanazijua kwa moyo, maana wao ndio walio porini.