Kidonda cha operesheni hakifichwi



Dada yetu mmoja, tuliyerudi naye Fizi kutoka kambi ya Tanzania, alizaa kwa kupasuliwa. Nyumbani pansema ikalowana, akaitoa, akaweka majivu. Kidonda kikatoa usaha. Hakurudi hospitali, kwani deni lilibakia, akaogopa watamshika pale. Tulipojua, tulimpeleka na pikipiki. Leo anaendelea muzuri, lakini tulichelewa, na lawama ni yetu sisi wote.

Basi tukumbushane. Pansema ya kwanza tusiiguse siku 2, isipokuwa imelowana; hapo tunarudi kwa muuguzi aibadilishe. Kisha, kabla ya kugusa kidonda tunanawa mikono na sabuni. Maji ya kusafisha yachemke, halafu yapoe. Tunapangusa polepole, tunakausha, tunafunika na kompresi safi. Majivu, majani, dawa ya meno, unga wa vidonge: hapana! Nyuzi anazitoa muuguzi, si sisi na wembe.

Kidonda kikivimba, kikiwa chekundu, kikitoa usaha ama harufu, ama homa ikipanda, tunaenda hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

Wafadhili, muchango wenu unanunua sabuni na kompresi. Tunaomba sehemu ilipe na madeni ya namna hii. Na mwanamemba asiye na feza, asijifiche: aje kwetu kwanza, tutalipa pamoja kidogo kidogo.