Hadubini Bado Ina Kazi

Mtu akifika zahanati leo akiwa na homa, kinachofuata tunakijua. Anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kijipande cha plastiki, na baada ya kama robo saa mistari inasomwa: malaria ipo au haipo. Kipimo hiki cha haraka ni neema. Hakihitaji umeme wala mtaalamu aliyesomea kwa miaka, na tangu Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, kimefika vijiji ambavyo hadubini haikuwahi kufika. Sikipingi hata kidogo. Ninachokipinga ni fikra inayokuja nyuma yake, kwamba hadubini ni chombo cha wazee wetu na sasa iwekwe stoo. Fikra hiyo itatugharimu siku ugonjwa tusioutarajia utakapobisha hodi.

Kipimo cha haraka kinajibu swali lililoulizwa, basi. Kinatafuta protini ya kimelea cha malaria. Kisipoikuta kinasema hapana, na hapana hiyo haimwambii mgonjwa anaumwa nini. Slaidi ya damu ni habari nyingine. Mtaalamu wa maabara anaweka tone nene kwenye kioo, analiacha likauke, analitia rangi ya Giemsa, kisha anadondosha mafuta kidogo na kutazama kwa ukuzaji wa mara 1,000. Anatafuta malaria, lakini kilichomo kwenye damu kinaonekana hata kama hakikutafutwa. Anaweza kukuta uzi mwembamba wa zambarau uliojipinda kati ya seli: huyo ni bakteria wa homa ya papasi. Anaweza kukuta kimelea cha malale na mkia wake. Homa ya papasi hupanda, ikashuka, ikarudi tena baada ya siku kadhaa, na kwa dalili pekee ni rahisi kuidhania malaria. Daktari Joseph Dutton aliyekuwa akiichunguza huko Congo aliugua homa hiyohiyo na kufariki Kasongo mwaka 1905. Mgonjwa wa homa ya papasi anahitaji antibayotiki. Akipewa dawa ya malaria hapati kitu. Hata kwa malaria yenyewe kijipande cha plastiki kimeshindwa mahali. Nchini Eritrea walipatikana vimelea vilivyopoteza jeni inayotengeneza protini inayotafutwa, na watu wenye vimelea ambavyo slaidi iliviona wakasomeka kuwa hawana malaria, hadi nchi hiyo ikalazimika kubadilisha aina ya vipimo.

Lakini mfano mzito kuliko yote katika eneo letu ni wa Uganda. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye taya za namna ileile, na alipompapasa tumbo akakuta mavimbe zaidi. Mpaka wakati huo saratani hizi za watoto zilikuwa zikiandikwa kwa majina mbalimbali kufuatana na mahali zilipotokea mwilini. Burkitt alishuku kwamba ni ugonjwa mmoja, ila shaka si ushahidi. Ushahidi ulitoka kwa wanapatholojia wa Mulago, Jack Davies na Greg O'Conor. Vipande vya uvimbe, vya taya na vya tumboni, vilipotazamwa chini ya hadubini, seli zilikuwa za aina moja: chembe changa za tezi za limfu zilizobanana hadi kioo chote kikaonekana buluu iliyokolea, na hapa na pale seli kubwa nyeupe. Wataalamu huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Ilipothibitika kuwa ni saratani ya limfu, ikawa na maana kutumia dawa badala ya kisu, na wapo watoto waliopona ambao upasuaji usingewafaa kitu.

Atatokea wa kusema kwamba siri ya ugonjwa huu ilifichuliwa na ramani, wala si hadubini, maana mwaka 1961 Burkitt alisafiri kwa gari hospitali hadi hospitali, akatambua kwamba uvimbe huu unaandama maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo ya malaria. Safari hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini ramani ya ugonjwa huchorwa baada ya watu kukubaliana ugonjwa wenyewe ni upi. Bila slaidi, Burkitt angekuwa anakusanya maradhi kumi kwenye karatasi moja.

Kisha hadubini ikafanya kazi ya pili. Daktari Anthony Epstein wa London alikuwa akipelekewa vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege, akivitazama kwa hadubini ya elektroni, na kwa muda mrefu hakuona kirusi chochote. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu kutua London ikapelekwa Manchester, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiliwa na bakteria, na sampuli ya namna hiyo hutupwa. Epstein hakuitupa. Alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini ya kawaida, akakuta si bakteria bali seli hai za saratani zinazoelea zenyewe. Kutokana na hizo walifanikiwa kuotesha seli maabara, na Februari 1964 kirusi kikaonekana ndani yake. Ndicho kinachoitwa leo kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Naomba tulipime tukio hili vizuri. Hakuna kipimo cha haraka ambacho kingekitafuta kirusi hicho, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa kipo.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa kuwa hoja zao si nyepesi. Wanasema jicho huchoka, na anayesoma slaidi nyingi kwa siku moja hukosea. Ni kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, wasiozidi nusu ndio waliokuwa na vimelea hivyo katika damu. Hiyo ni aibu yetu sote. Lakini makosa hayo yaligunduliwaje? Kwa slaidi, zilizosomwa kwa utulivu na watu wenye ujuzi. Chombo kilikuwa kilekile. Kilichokosekana ni usimamizi, muda na mafunzo. Kwa kifua kikuu nakubali moja kwa moja: mashine za vinasaba huona wagonjwa wengi ambao hadubini ya makohozi inawakosa, na mwenye uwezo wa kuipata mashine asiendelee kung'ang'ania kioo. Kifua kikuu tunakijua na tunajua la kuuliza.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kuona kitu si kujua kwamba ndicho chanzo. Malale yalipoanza kuangamiza watu kandokando ya Ziwa Victoria, janga lililoua watu wapatao 250,000 katika miongo miwili ya kwanza ya karne iliyopita, daktari Aldo Castellani huko Entebbe aliona bakteria katika wagonjwa wake akadhani amempata mhalifu. Mwishoni mwa mwaka 1902 akazungusha maji ya uti wa mgongo kwenye mashine, akatazama masalia yake, akaona kimelea kinachojisukasuka. Hicho ndicho kilichokuwa chanzo. Vivyo hivyo mwaka 1976, damu kutoka Yambuku, Congo, ilipochunguzwa Ulaya na Marekani, hadubini ya elektroni ilionyesha kirusi kirefu kama kile cha Marburg. Ilibidi vipimo vya kingamwili ndivyo viseme kwamba ni kipya, na kikaitwa Ebola. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Hata hivyo, ndiyo iliyowaonyesha wachunguzi wapeleke vipimo upande gani.

Na si magonjwa tu. Mwaka 2002 huko Pittsburgh, Marekani, mwanapatholojia Mnigeria Bennet Omalu alichunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuchanganyikiwa kwa miaka. Kwa macho, ubongo ulikuwa wa kawaida. Omalu aliagiza ukatwe na kutengenezewa slaidi, na humo akakuta mafundo ya protini iitwayo tau ndani ya seli, jeraha la kugongwa kichwa mara nyingi. Baadaye, mwaka 2017, watafiti walitangaza kwamba walilikuta tatizo hilo katika bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa ligi kuu ya huko. Hesabu hiyo isibebwe bila tahadhari, kwa kuwa bongo nyingi zilitolewa na familia zilizokwisha kuona dalili. Ila kwamba jeraha lipo, hakuna tena wa kubisha, na mpaka leo halithibitishwi ila kwa slaidi baada ya kifo. Mabondia wetu wanapigwa vichwa vilevile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara zetu za afya ni hili: mgonjwa ambaye kipimo cha haraka kimesema hapana na homa yake haiishi, atengenezewe slaidi, na awepo mtu aliyefundishwa kuisoma. Nafasi za wanapatholojia hospitali za mikoa zijazwe, na hadubini iliyoharibika itengenezwe badala ya kufunikwa kitambaa. Kwako msikilizaji, daktari akitaka kukata kinyama kwenye uvimbe wako au wa mwanao, usimkimbie kwa maneno ya mitaani kwamba kukata kunasambaza saratani. Mruhusu, kisha rudi ukadai majibu yako kwa maandishi.