Kichocheo Si Chanzo: Kuisoma Siku ya Mtoto Mwenye Tiki



Naomba nianze na jicho. Kwetu sisi Waswahili jicho hucheza. Mtu mzima akisema jicho linamcheza tangu asubuhi, tunamuuliza ni la kulia au la kushoto, tunamtabiria mgeni au kilio, na siku inaendelea. Lakini jicho la mtoto wa miaka sita likicheza mara 20 kabla hajamaliza sahani ya wali, hatumtabirii kitu. Tunamwambia: "Acha!" Asipoacha, tunarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Neno hilo moja ndilo lililonifanya niichague mada hii. Katika kazi yangu ya kutibu watoto nimelisikia likitamkwa kwa upendo, kwa hofu, kwa aibu na kwa hasira. Mimi mwenyewe, nikiwa daktari kijana, niliwahi kumwambia mtoto mbele ya mama yake: "Jitahidi kuacha, wewe sasa ni mkubwa." Alijitahidi. Alikaa dakika chache amekaza mwili wote, machozi yakimlengalenga, kisha shingo ikaruka mara tano mfululizo. Dakika zile zilinifundisha kuliko kitabu. Mtoto yule hakuhitaji mtu wa kuuamrisha mwili wake. Alihitaji mtu mzima anayejua kuisoma siku yake.

MWENDO USIOOMBWA

Tiki ni mwendo au sauti inayomjia mtu ghafla, upesi, na kujirudia bila mdundo maalumu. Kupepesa macho, kukunja pua, kupandisha bega, kutupa shingo: hizo ni tiki za mwendo. Kusafisha koo, kuguna, kuvuta kamasi zisizokuwepo, kurudia neno: hizo ni za sauti. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka kati ya 4 na 6, hupamba moto akiwa na miaka kati ya 10 na 12, na kwa wengi hupungua ujana unapoingia. Wavulana ndio wengi kuliko wasichana. Mtoto akiwa na tiki za mwendo zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, zilizoanza kabla ya miaka 18 na kudumu zaidi ya mwaka, hali hiyo huitwa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Lakini watoto wengi hupata tiki za mpito, zinazokuja na kuondoka kabla mwaka haujatimia.

Mambo mawili hutupoteza njia sisi watu wazima. La kwanza ni hisia inayotangulia tiki. Watoto wenye umri wa kujieleza husema ni kama mwasho, au kama chafya iliyofika puani. Chafya unaweza kuibana kidogo, ukiwa msikitini au kanisani, lakini hakuna atakayesema umepiga chafya kwa makusudi. Mtoto naye huweza kuibana tiki yake mbele ya mwalimu au daktari, akifika nyumbani akaiachia. Ndipo tunaposema: "Kumbe anaweza!" Kuweza kubana si kuweza kuacha.

La pili ni kwamba tiki hupanda na kushuka zenyewe, na huhama. Mwezi huu macho, mwezi ujao bega. Sisi hukimbilia dawa siku ambazo tiki zimefika kileleni, na baada ya kilele huwa kuna mteremko. Kwa hiyo dawa ya kikohozi hupata sifa, miwani hupata sifa, kombe na maombi navyo hupata sifa, hadi tiki zinaporudi na lawama kumwangukia mtoto.

Wako pia wanaodhani kila mwenye Tourette hutukana ovyo. Kutamka matusi bila kukusudia kupo, lakini huwapata wachache, yapata mmoja katika kila kumi.

ANAYECHOCHEA KUNI HAKUWASHA MOTO

Mada yetu jioni hii ni vichocheo, na lugha yetu imeshatupa picha yake. Anayechochea kuni huufanya moto uliokwisha kuwaka upande. Tiki huwashwa ndani ya ubongo, katika mitandao inayounganisha tabaka la juu na sehemu za ndani zinazoruhusu mwendo huu na kuuzuia ule. Urithi wa ukoo una nafasi kubwa: ukiuliza kwa upole, mara nyingi utasikia kwamba baba au mjomba naye alikuwa hivyo utotoni.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya methali moja tunayoipenda: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali njema, ila nimewaona akina mama waliopigwa nayo kama fimbo na mawifi, majirani na walimu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao walipita njia hiyo. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, madaktari wengi huko waliitafuta asili ya tiki katika malezi na migogoro ya moyoni. Katika miaka ya 1960, Arthur na Elaine Shapiro wa New York walionyesha kwamba dawa ya haloperidoli hupunguza tiki, wakashikilia kwamba hili ni suala la ubongo. Mzigo wa lawama ukaanza kuwatoka wazazi.

Mzazi akishautua mzigo huo, ndipo mikono yake inapokuwa huru kushughulikia kuni. Kuni zenyewe zinafahamika: uchovu na usingizi haba, wasiwasi wa mtihani, homa na mafua, kukaa tu mbele ya runinga, na hata furaha kubwa, kama mkesha wa Idi au safari ya kwenda kwa bibi. Kuizungumzia tiki mbele ya mtoto huiita. Kinyume chake, shughuli inayomzamisha mtoto, kama mpira, ngoma au uchoraji, mara nyingi huituliza. Ama chakula, hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kuwa ndicho chanzo, na sioni sababu ya kumnyima mtoto wanachokula wenzake kwa kubahatisha.

DAFTARI LA MAMA

Orodha hiyo ni ya watoto wote, na mtoto wako ni mmoja. Vichocheo vyake utavijua kwa kuandika. Niruhusuni niwaonyeshe daftari la mama mmoja. Mama huyu na mwanawe wa darasa la pili nimewaunda kutokana na familia nyingi nilizozihudumia, ili asitambulike yeyote.

Alikuwa na duka dogo, akaandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la madeni. Nilimwomba mambo matano kwa wiki mbili: saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitangulia, nini kilifuata. Nilimsihi aandike mtoto asipoona, kwa sababu mtoto anayejua anahesabiwa hukaza mwili, na tiki huzidi. Haya ni baadhi ya aliyoyaandika:

"Jumatatu, saa 1 usiku. Runinga. Macho mengi. Baba kaingia, kasema acha. Yamezidi, na bega.

"Jumanne, saa 10 jioni. Mpira uwanjani. Sijaona kitu.

"Jumatano, saa 2 usiku. Hesabu. Koo: hm, hm. Nikamhurumia, nikasema basi, weka daftari. Koo likatulia.

"Alhamisi, saa 2 usiku. Hesabu. Koo limeanza kabla hajafungua kitabu.

"Ijumaa asubuhi. Shati jipya la shule. Shingo. Kalivua, shingo imepungua.

"Jumapili. Jana harusi ya mama mdogo, amelala saa 7 usiku. Leo kila kitu."

Tazameni utajiri wa kurasa hizo. Kola ngumu inakwaruza shingo: mama alibadili shati, gharama yake ndogo. Harusi ilikula usingizi: harusi tutakwenda, ila kesho yake hatumpangii mtoto mambo mazito. Neno "acha" la baba limekuja mara moja na tiki zimezidi palepale. Baba alipoonyeshwa mstari ule alinyamaza kwa muda mrefu, akasema: "Mimi nilidhani namsaidia."

Jumatano na Alhamisi ndizo zinazotaka busara zaidi. Koo lilimwondolea mtoto hesabu, na kesho yake koo likawahi. Tusikosee hapa na kusema kwamba anaigiza. Ubongo hujifunza bila kumwomba mwenyewe ruhusa: kinachofuatiwa na nafuu hurudi. Dawa yake si kumkatalia mapumziko. Mpe mapumziko kwa saa: baada ya kila dakika 15 za hesabu, dakika 5 za kunyoosha miguu, tiki iwepo isiwepo, kisha hesabu zinamalizwa. Hapo mapumziko hayaletwi tena na koo.

Mtihani, furaha na wageni vitaendelea kuwepo, na mtoto ana haki navyo. Tunavijua ili tujiandae pamoja naye, bila kumfungia ndani.

NYUMBANI NA DARASANI

Nyumbani, zungumza na mtoto mara moja, mkiwa wawili, kwa utulivu: "Najua macho yanakuja yenyewe. Hujafanya kosa. Ukisumbuka, niambie." Baada ya hapo, tiki ikija ipite kama chafya. Waambieni kaka, dada, na hasa babu na bibi ambao utani wao hauna ubaya lakini huuma. Linda usingizi wake, na usimwahidi zawadi ili aache. Nimemwona mtoto aliyeahidiwa baiskeli akimaliza wiki bila kupandisha bega, siku ya tatu alilia akisema, "Mimi nimeacha, bega ndilo halijaacha."

Walimu wangu wapendwa, mkimhamishia mtoto huyu dawati la mbele peke yake mnampa macho ya darasa zima mgongoni. Mwacheni akae pembeni, karibu na mlango, na kubalianeni ishara ya kutoka kunywa maji bila kuulizwa. Kwenye mtihani, chumba kingine au muda wa ziada humwondolea kazi ya kufanya mitihani miwili kwa pamoja, wa karatasi na wa kubana. Mchunguzeni pia kwa yanayoandamana na tiki: kutotulia na kukosa umakini, mawazo yanayojirudia, wasiwasi. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomrudisha nyuma kimasomo.

Tiki zikimuumiza au kumzuia, yapo mafunzo yenye ushahidi. Mizizi yake ni kazi ya Azrin na Nunn ya mwaka 1973. Mtoto hufundishwa kuitambua hisia inayotangulia, kisha kufanya kitendo kinachopingana na tiki hadi hisia ipite: wa bega hushusha mkono na kubana kiwiko ubavuni, wa koo hupumua polepole kwa pua. Sehemu ya pili ya mafunzo ni hilihili la daftari na vichocheo. Mwaka 2010 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 126: baada ya vipindi 8 katika wiki 10, zaidi ya nusu ya waliofunzwa walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya chini ya mmoja kati ya watano waliopewa ushauri na elimu tu. Tofauti yake na "acha" ni kubwa. Neno "acha" humnyang'anya mtoto kitu asichokishika. Mafunzo humpa kitu cha kufanya. Dawa nazo zipo, kwa uangalizi wa daktari, kwa wale ambao tiki zimewazidi. Na mtoto asiyesumbuliwa na tiki zake anaweza kuachwa akue, sisi tukiangalia.

Akiuliza kama ataweza kuwa mtu, mtajieni Tim Howard, kipa aliyeidakia Manchester United, Everton na timu ya taifa ya Marekani, na ambaye amesema wazi kwamba ana Tourette.

LINI TUWAHI HOSPITALI

Mtoto akipoteza fahamu, akianguka, akikodoa macho asiitike anapoitwa, hiyo inaweza kuwa degedege au kifafa, wahini. Miendo ikiwa ya kutiririka kama ngoma isiyokatika, mtoto akiangusha vikombe na tabia ikibadilika, hasa wiki au miezi michache baada ya kuumwa koo, inaweza kuwa korea inayotokana na homa ya baridi yabisi, na moyo wake lazima upimwe. Muoneni daktari pia tiki zikimjeruhi, zikianza baada ya dawa mpya, au zikilipuka ghafla kwa kijana aliyekuwa hana hata moja.

Ndugu zangu, namalizia pale nilipoanzia, kwenye sahani ya wali. Wiki ya tatu sikumwomba yule mama aandike, lakini aliandika, na alinifungulia ukurasa huo kabla hajaketi. Ulikuwa na mistari mitatu tu, chini ya deni la sukari la jirani:

"Usiku, wali na maharage. Macho yamecheza. Hakuna aliyesema kitu. Katusimulia bao alilofunga, mwanzo hadi mwisho."