Hotuba juu ya Kufuma Zawadi za Sikukuu kwa Mikono

(Iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mukuru kwa Reuben)



Kamati ilipotuomba tunene machache mbele yenu, ilitaka tunene juu ya kuweka akiba. Tulikubali kwa furaha. Lakini habari ya akiba mmeisikia mara nyingi kwa watu wenye elimu kuliko sisi, nasi twaogopa kuwachosha. Kwa hiyo tumeonelea tuinene kwa njia ya jambo dogo, ambalo huenda wengine wakacheka wakilisikia likitoka kinywani mwa karani wa Industrial Area mwenye suruali na tai. Jambo lenyewe ni kufuma.

Wanachama mnaujua mwezi wa Januari, ule ambao vijana wameupa jina la Njaanuari. Mnajua pia jinsi daftari la mweka hazina wetu linavyokuwa mwezi huo. Wajao kuomba mkopo wa dharura husema ni karo, na ni kweli ni karo. Lakini tukiuliza kwa upole fedha ya karo ilikwenda wapi, jawabu huwa ni lile lile: ilikwenda na Krismasi.

Hatusemi haya kwa kumnyoshea mtu kidole. Krismasi ya mwaka 2022 sisi wenyewe tulikopa kwa simu, tukanunua nguo za watoto, blanketi la wakwe, vitu vya kuchezea vya plastiki, na shali ya mama yetu mzazi aliyeko Njabini, huko Kinangop. Tulikwenda nyumbani kwa fahari kubwa. Deni lile tulimaliza kulilipa mwisho wa Machi, na kabla ya hapo mtoto wetu wa kwanza alirudishwa kutoka shuleni mara mbili. Ile shali nayo ilianza kufumuka ukingoni kabla ya Pasaka. Mama hakusema neno. Aliikunja akaiweka sandukuni, na sisi tuliiona huko kwa bahati tu tulipokuwa tukitafuta kitambulisho chake.

Basi mwaka 2023 sisi na mama wa watoto wetu tulikata shauri kwamba zawadi za Krismasi tutazifuma.

Mtu atauliza, mwanamume amejifunza wapi kufuma? Tulijifunza darasani. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watoto wa shule za msingi walifundishwa Sayansi Kimu, wavulana kwa wasichana. Asiyekuwa na sindano za duka alinoa ncha za spoki mbili za baiskeli akafumia hizo. Spoki ni nyembamba mno, kama milimita 2, na kitambaa chake hutoka kigumu kama mkeka. Lakini mkono hujifunza, na mkono uliojifunza hausahau upesi.

Wazee wawili waliosikia kwamba tutanena juu ya jambo hili walitujia mapema wakasema kwamba kufuma ni kazi ya mabibi wa Kizungu, nasi twataka kuwajibu kwa heshima. Ni kweli kwamba sindano mbili na uzi wa sufu vililetwa na wageni. Ni kweli pia kwamba chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, chini ya serikali ya kikoloni, mwaka ule ule wa kutangazwa Hali ya Hatari, vilabu vyake vilifundisha kufuma na kushona, na serikali ilivitumia kuwavuta wanawake wasiwaunge mkono wapiganaji wa msituni. Mzee anayeyakumbuka hayo kwa uchungu ana haki yake. Lakini chama hicho hakikubaki mikononi mwa wageni. Mwaka 1958 Bi. Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Tena, kazi ya uzi na vidole ilikuwako kwetu kabla ya sindano hizo. Nani kati yenu hakumwona mama wa Kikamba au wa Kikuyu akisuka kiondo huku anatembea, mzigo mgongoni, kamba za mkonge zikining'inia mbele yake? Hakungoja apate nafasi ya kukaa, maana nafasi hiyo haikuwako. Hilo ndilo somo ambalo sisi hatukulikumbuka mwaka ule wa kwanza, na tukaumia.

Tulianza katikati ya Novemba. Tuliandika majina tisa kwenye karatasi: shali ya mama, sweta mbili za watoto wa dada, kofia, skafu, na kadhalika. Tulinunua uzi wote siku moja. Kisha tukagundua kwamba mtu anayetoka kazini saa kumi na moja na kufika nyumbani saa moja ya usiku hana jioni ya kufuma sweta. Mnazijua nyumba zetu, futi kumi kwa kumi. Humo mna kitanda, jiko, meza ya mtoto afanyaye kazi ya shule, na pazia. Uzi ulikuwa juu ya kila kitu. Mtoto mdogo aliuburuta hadi kwenye ndoo ya maji. Chakula kilichelewa. Usiku mmoja wa mwanzo wa Desemba mama wa watoto wetu aliweka sufuria chini akatuuliza kwa sauti ya chini kama ni vizuri watoto wa hapa walale na njaa ili watoto wa kule wavae sweta. Hatukuwa na jawabu. Tuliona haya, maana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufuma kofia mbili kwa siri, katika foleni ya maji, bila kumsumbua mtu.

Katika yale majina tisa, tulimaliza manne. Tarehe 23 Desemba tulipanda gari pale Nyamakima, nauli imepanda kama kawaida ya Desemba, nasi shali ya mama tulikuwa tukiifuma garini. Tulipofika Njabini ilikuwa imebaki kama robo. Pahali pale ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na jioni hewa hukata masikio hata mwezi wa Desemba. Tulimkabidhi mama shali ikiwa bado imo sindanoni, tukaomba radhi.

Mama aliigeuza mbele na nyuma karibu na taa. Akasema, "Hapa mwishoni ulifuma ukiwa na haraka." Akafumua kama upana wa viganja viwili, vile vitanzi vilivyolegea tulivyovifuma garini, akavirudia mwenyewe. Aliimaliza siku ya pili ya mwaka mpya. Ndiyo anayoivaa kanisani hata leo, na akiulizwa husema aliifuma yeye na mwanawe. Ile ya duka ingali sandukuni.

Sasa tueleze tulivyofanya mwaka 2024, maana hapo ndipo kuna faida kwa wanachama.

Kwanza, tulianza Agosti, wakati baridi ya Nairobi yenyewe inamkumbusha mtu kazi ya sufu. Pili, tuliacha kabisa habari ya sweta. Hapa tuseme ukweli, ijapokuwa unapunguza nguvu ya hoja yetu: sweta ya mtoto wa miaka mitano hula uzi wa gramu 200 au zaidi na jioni nyingi zisizohesabika, na katika mitumba ya Gikomba utapata sweta nzuri kwa bei iliyo chini ya bei ya uzi huo. Anayesema kwamba kila kitu cha kufuma ni rahisi kuliko cha kununua hajapita Gikomba. Lakini kofia, ile vijana waiitayo marvin, hutaka gramu 100 tu au chini yake, vitanzi kama 100 kwa sindano ya milimita 4, na mtu mwenye shughuli nyingi huimaliza kwa juma moja. Hiyo ina faida.

Tatu, na hili ndilo lililotuokoa, tulifuma vipande. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, mto Ngong ulipoingia katika nyumba za jirani zetu, wengi waliona thamani ya blanketi. Mama wa watoto wetu akashauri tufanye blanketi moja la nyumba nzima ya Njabini, badala ya zawadi tisa za watu tisa. Blanketi hilo ni vipande vya mraba, kila kimoja sentimita 15 kwa 15. Ukipanga vipande 8 kwa upana na 10 kwa urefu, vyote 80, unapata blanketi la sentimita 120 kwa 150. Kipande kimoja huingia mfukoni mwa koti. Hufumwa katika matatu iliyokwama Outer Ring, katika foleni ya maji, katika chumba cha kungoja daktari. Umeme ukikatika, mtu aliyezoea hufuma gizani kwa kupapasa, kwani vitanzi vya kawaida vyajulikana kwa kidole. Mtoto wetu wa kwanza alifuma vipande kumi na viwili, vingine si mraba kamili, nasi tulivishona vivyo hivyo. Hata fundi viatu wa njiani petu, ambaye ni mwanachama na yuko hapa leo, aliomba afundishwe, akatufumia vitatu.

Juu ya uzi wenyewe. Wengi hununua uzi wa akriliki wa duka, nao ni wa bei nafuu na rangi zake ni nzuri. Lakini akriliki ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi, ambapo sufu ya kondoo hushika moto kwa shida. Katika mtaa wetu wa majiko ya makaa na mafuta ya taa, ambamo moto si habari ngeni, twasihi kila mmoja: nguo ya mtoto mdogo achezaye karibu na jiko isifumwe kwa akriliki. Bora sufu, au apewe mtoto kitu kingine.

Nayo sufu inapatikana kwa asiyekuwa na fedha nyingi. Nenda Gikomba, tafuta sweta kuukuu ya mitumba iliyoandikwa ndani kwamba ni sufu. Igeuze, tazama mshono wa ubavuni. Ikiwa ukingo umekatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, iache. Ukiifumua utapata vipande vifupi tu, kila kimoja urefu wa upana wa sweta. Ikiwa kingo ni nzima zimeunganishwa kwa uzi mmoja, hiyo inunue. Na ile iliyofuliwa kwa maji ya moto ikajigandisha kama zulia, nayo iache, haifumuki. Ukifika nyumbani, kata ule uzi wa mshono, anza kufumua kutoka shingoni, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga pahali panne, loweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha tundika na chupa ya maji ining'inie chini ili mikunjo inyoke. Sweta moja ya mtu mzima hutoa uzi wa kofia mbili au tatu, na pengine skafu juu yake. Watoto hupenda sana kazi ya kufumua, kuliko ya kufuma, na ni vizuri wapewe hiyo.

Januari iliyofuata hatukuja kwa mweka hazina. Hatusemi kwamba tulikuwa na fedha nyingi; tulikula sukuma wiki kama wengine. Lakini karo ya muhula wa kwanza ilikuwako bahashani, na simu yetu haikuwa na deni.

Bwana Mwenyekiti, twajua muda wetu umekwisha. Twaomba kutoa hoja ifuatayo ili mkutano uiamue. Kwamba kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Agosti, alasiri, chumba hiki cha mikutano kifunguliwe kwa wanachama watakao kufuma, wanawake kwa wanaume, pamoja na watoto wao. Kwamba Chama kinunue uzi wa jumla kwa fedha ya kianzio, na kila mwanachama alipie gramu alizochukua, isiwe bure, maana cha bure hupotea chini ya kitanda. Na kwamba akina mama wanaojua kazi hii vyema kuliko sisi, nao wako wengi humu, wakubali kuwa walimu, na walipwe hata kama ni nauli.

Mzee mmoja alitunong'oneza kabla ya mkutano kwamba ataunga mkono hoja hii ikiwa hatalazimishwa kufuma yeye mwenyewe. Hatalazimishwa, ila kazi ya kuzungusha uzi kwenye kiti inamngoja.

Tumekuja na jozi sita za sindano. Ziko mezani, kando ya daftari la mahudhurio, na atakayechukua na aandike jina lake.