Sanduku la Kuchachia Mbege

Somo letu la leo ni habari ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya watu wa Kilimanjaro. Hatutaeleza jinsi ya kuipika, maana wengi wenu mwajua kuliko mimi. Tutaeleza mahali pa kuiweka inapochacha. Wewe unayesoma karatasi hii darasani, somesha polepole na wenzako, na kila mfikapo kwenye namba, iandikeni ubaoni.

Ndizi zilizopikwa hukaa siku kadhaa zikichacha kabla ya kukamuliwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ni nani afanyaye kazi hiyo ya kuchacha? Ni chachu, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mfaransa Louis Pasteur alionyesha tangu mwaka 1857 kwamba vijidudu hai ndivyo vinavyochachisha. Chachu hula sukari ya ndizi, ikatoa kileo na hewa ile inayofanya mapovu. Lakini kuna na vijidudu vingine, vinavyoleta ukali. Uchachu kidogo ni desturi ya mbege. Ukizidi, umepata siki, na ndizi na ulezi wako umepotea. Na ulezi si bei rahisi.

Chachu hupenda joto la kadiri. Digrii 20 mpaka 25 za sentigredi zinafaa sana. Chini ya 15 hulegea, kama mtu aliyejikunyata kwa baridi. Ikipita 30, vile vijidudu vya ukali hufurahi. Sasa fikiri: huko Marangu usiku wa mwezi wa Julai ni baridi, na Moshi mjini mchana wa Februari ni joto kali. Wazee watasema bibi zetu hawakuwa na kipimajoto. Ni kweli, lakini walikuwa na majiko yenye moto mchana kutwa, na majani ya mgomba ya kufunikia, na mkono uliozoea. Nyumba ya bati haina msaada huo.

Basi tengeneza sanduku. Ndani liwe na upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 80, ndoo ya lita 20 ikae bila kubanwa. Kuta ziwe mbili mbili, pamoja na chini, juu na mlango, na kati yake pawe na nafasi ya sentimita 10. Jaza nafasi hiyo maranda makavu kutoka kwa seremala. Makavu, nasema; yakilowa hayazuii joto wala baridi. Ukingoni mwa mlango pigilia vipande vya blanketi kuukuu. Toboa tundu moja dogo juu na jingine chini, kisha liweke kivulini.

Wakati wa baridi, weka ndani dumu la maji ya moto, yasiyochemka, ulibadilishe asubuhi na jioni. Wakati wa joto, acha mlango wazi usiku baridi iingie, ufunge alfajiri. Tena unaweza kuvika ndoo kitambaa kibichi mlango ukiwa wazi, maana maji yakikauka huchukua joto.

Kipimajoto usikining'inize hewani. Kifunge ubavuni mwa ndoo, ukifunike kwa kitambaa. Chachu ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe, hata ndani ya ndoo kukawa na joto kupita sanduku kwa digrii kadhaa.

Sikilizeni hapa vizuri. Usilete jiko la mkaa kupasha joto chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini, wala hauna harufu ya kuwaamsha. Tena kifuniko cha ndoo kisikazwe kabisa. Hewa ya mapovu isipopata njia hupasua chombo. Hewa hiyo ni nzito, hukaa chini. Katika sanduku dogo haina neno kubwa, ila mtu mwenye mapipa mengi katika chumba kisicho na dirisha afungue mlango kwanza, angoje, ndipo aingie. Asiiname kichwa ndani ya pipa kunusa.

Na kazi ya kalamu ni hii. Bandika karatasi mlangoni mwa sanduku, uipige mistari mitatu ya kwenda chini, upate nafasi nne: siku, asubuhi, jioni, na maneno machache kama "mapovu mengi" au "harufu kali". Kila siku soma kipimajoto na uandike. Pombe ikitoka nzuri, karatasi hiyo itakuonyesha ilikaa digrii ngapi, nawe utafanya vivyo hivyo mara ya pili. Ikitoka siki, tafuta siku ambayo namba ilipanda.

Wiki ijayo njooni na karatasi zenu, tuzisome pamoja. Kwaherini.